Kaburi Lisilo na Mtu

Sururu ilikuwa juu, na mguu wa Kamanthe ulikuwa chini yake. Hapo ndipo ukurasa ulipotukatia maneno wiki jana, na nimesikia kuna akina mama wa Kangundo walionilaani kwa kuwaacha hivyo siku saba nzima. Poleni. Tuendelee.

"Toka hapo," Kimeu alisema.

"Sitoki."

"Nahesabu mpaka tatu."

"Hesabu mpaka kumi, shemeji. Shule si ulienda."

Kimeu hakuhesabu. Aliishusha sururu kwa nguvu zake zote.

Chuma kilipiga simiti shubiri moja tu kutoka kidole gumba cha Kamanthe. Kipande kikaruka, kikamchana muundi. Ufa mwembamba ukakimbia kutoka ukingoni hadi katikati ya duara, kama mjusi aliyeona paka.

Kamanthe hakusogea. Damu iliteremka ikaingia kiatuni, naye hakuinama kuifuta. Miaka kumi na minne ya kutupa nyundo ilikuwa imemfunza jambo moja: ukitoka kwenye duara kabla ya wakati, hata ukitupa mpaka Kitui, hakuna atakayepima.

"Wewe ni mwendawazimu," Kimeu akasema huku akihema.

"Na wewe hata kulenga hujui."

Kwa wewe uliyefungiwa nyama kwa gazeti hili ndipo ukaanza kusoma, nikupe mambo upesi kabla mafuta hayajafika chini ya ukurasa.

Kamanthe ni mke wa Musili, na Musili ni mdogo wake Kimeu. Boma lao liko Mwala, pamoja na mama yao, Syombua. Kazi ya Kamanthe ni kutupa nyundo, na nyundo yenyewe si ya kupigilia misumari. Ni tufe la chuma la kilo nne, lenye waya wa zaidi ya mita moja na mshiko mwishoni. Unaushika mshiko kwa mikono miwili, unalipitisha tufe juu ya kichwa, kisha unazunguka nalo mara nne, mbio, ndani ya duara dogo la simiti. Halafu unaachilia.

Kwa chuma hicho Kamanthe alitoka shule ya wasichana kule Kangundo akavaa jezi ya Kenya. Alitupa Durban, akatupa Algiers, akatupa Mauritius. Ubingwa wa taifa aliuchukua mara nne. Kwenye mashindano ya Afrika alikosa medali ya shaba kwa upana wa kiganja, na kocha wake, Mwalimu Justus, akamwambia kiganja hicho watakifuata miaka miwili baadaye. Miaka miwili baadaye alikuwa na mimba. Timu ikapanda ndege bila yeye, na wale waliokuwa wakimpigia simu kila wiki wakasahau namba.

Sasa mtoto wake, Mutheu, ana miaka mitatu, na mama mtu amerudi. Jumamosi hii, siku nne zijazo, kuna mchujo mjini Machakos. Atakayefikisha mita sitini na tatu anaenda na timu. Asiyefika anabaki kulisha mbuzi. Tangu ajifungue, Kamanthe hajavuka sitini na moja. Ana miaka thelathini na mmoja, na Mwalimu Justus, ambaye hajui kumpaka mtu mafuta, amemwambia wazi kwamba kwao wawili hakuna mchujo mwingine baada ya huu.

Duara lile lililo katikati ya shamba ndilo uwanja wake wa pekee. Akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi kwa zamu, ndio waliomjengea. Alikuwa amebeba mawe na mchanga pamoja nao walipojenga bwawa la mchanga mtoni, na zamu yake ya kusaidiwa ilipofika wakamwuliza anataka nini, tangi ama choo. Akasema duara. Walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha wakalimwaga kwa siku moja, na mbele yake wakampangia mawe yaliyopakwa chokaa: la hamsini, la sitini, na la mwisho kabisa, sitini na tatu.

Sasa shida iko hapa. Kimeu anataka kuliuza shamba hilo anunue lori la kubeba mchanga. Jana Jumatatu mnunuzi alikuja, mfanyabiashara wa mjini aitwaye Nderitu. Alitembea vizuri, akauchota udongo akausugua vidoleni, akafurahi, mpaka alipofika katikati. Akasimama. Akavua kofia.

Sote tunajua simiti katikati ya shamba ni kitu gani. Huku kwetu hakuna anayemwaga simiti pasipo na ukuta ila kumfunika mtu wake, na hakuna mwenye akili zake anayenunua shamba lenye mtu. Kimeu aliapa kwamba pale hakuna maiti, ni mke wa ndugu yake tu huzunguka hapo akitupa chuma. Nderitu alimsikiliza hadi mwisho. Akamwambia ameuziwa uongo na watu wa kila namna, wengine wazee wa kanisa, lakini uongo wa namna hiyo ndio mara yake ya kwanza. Akaingia kwenye gari akaenda zake.

Kamanthe aliyaona yote kutoka mlango wa jikoni, na hakutoka kumtetea shemeji yake. Kama ni kaburi ndilo litakalomlinda, basi na liwe kaburi.

Ndiyo sababu ya sururu.

"Nimemwita tena," Kimeu alisema sasa, akiegemea mpini. "Ako njiani. Akifika, wewe chagua. Utupe hiyo takataka yako aone kwa macho hapa ni pa mchezo. Ama nivunje aone chini hakuna kitu."

Kamanthe alizitazama njia zote mbili akaona zinaingia shimo moja. Akitupa, shamba linauzwa na duara lake ndani. Akikataa, duara linavunjwa mbele ya macho yake, siku nne kabla ya mchujo.

"Shamba liko na majina mawili," akasema. "Bila sahihi ya Baba Mutheu hakuna mahali linaenda."

Hiyo ndiyo ngao yake. Musili ni askari wa geti kwenye mtaa mmoja Syokimau, na kila jioni saa kumi na moja kamili, kabla ya kuingia zamu, humpigia mkewe simu. Humwuliza mtoto amekula nini. Humwuliza leo chuma kimefika jiwe gani. Mwishoni humwambia maneno yale yale, kwamba asijali, hakuna karatasi atakayoitia sahihi mpaka siku Kamanthe mwenyewe atakaposema amemaliza kutupa.

Kimeu alisikia jina la ndugu yake akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye pipi shavuni ambayo hataki kugawa.

"Baba Mutheu," akarudia. "Sawa."

Angesema zaidi, lakini Syombua alikuwa anakuja.

Alikuja polepole kutoka nyumbani kwake, leso mabegani. Kama kuna mtu aliyelichukia lile duara kuliko Kimeu, alikuwa ni mama mkwe wake. Ndiye aliyewaambia akina mama wa kanisa kwamba mwanamke anayetupa chuma leo, kesho atatupa mtoto. Kila Kamanthe aliposhika nyundo, Syombua aligeuza kiti chake pale mlangoni akampa mgongo mpaka amalize.

Tena kuna lile la jina, ambalo Kamanthe hakuwahi kulimeza.

Kwa desturi yetu, msichana wa kwanza hubeba jina la mama wa baba yake. Mtoto alipozaliwa, Kamanthe alimbeba akiwa na siku tatu, yeye mwenyewe bado anatembea kwa kuchechemea, akampeleka kwa nyanya yake apokee jina la Syombua. Syombua alimtazama mtoto kwa muda mrefu. "Langu hapana," akasema. "Aitwe Mutheu." Akarudi jikoni. Katika ukoo mzima hakukuwa na Mutheu hata mmoja aliyejulikana. Kijiji kizima kilielewa: mama mkwe hataki jina lake likae ndani ya mtoto wa yule mwanamke.

"Mwaitu," Kimeu alimwita mama yake, "umekuja saa nzuri. Mwambie huyu atoke."

Syombua aliinama. Alikuwa anautazama ufa.

"Nani amepasua?"

"Ni mimi. Na bado."

"Weka hiyo kitu chini."

Kimeu alidhani hakusikia vizuri. Kamanthe naye hivyo hivyo.

"Mwaitu, wewe mwenyewe ulisema hii simiti ni aibu."

"Nilisema. Weka chini. Hapo kuna mtu."

Kuku mmoja alipita kati yao akidonoa. Hakuna aliyemfukuza.

Kisha Kimeu akacheka. Alisema kumbe ugonjwa wa Nderitu umeingia mpaka bomani. Alisema siku ile akina mama walipokuwa wakimwaga simiti, yeye alikuwa hapo hapo, na kitu pekee kilichoondolewa ni mawe matatu. Halafu akakisitisha kicheko, akamsogelea mama yake.

"Ulianza lini kumpenda huyu mpaka unidanganye mimi mwanao?"

"Kumpenda?" Syombua alimpima Kamanthe kwa macho kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Huyu? Huyu simpendi hata kidogo."

Kamanthe alilipokea hilo kama kofi, na hapo hapo akayaamini yale mengine yote. Mtu anayetaka kudanganya kwa ajili yako hukupamba kwanza. Tena aliuona mkono. Syombua alikuwa ameikunja leso kifuani, akiibana kwa ngumi upande wa kushoto, pale pale ambapo mama mwenye mtoto mchanga hujibana maziwa yakijaa na mtoto hayuko karibu. Mwanamke aliyewahi kujibana hivyo hahitaji kuelezwa.

Kuna mtu chini ya miguu yangu, Kamanthe akawaza. Na nimezunguka juu yake miaka miwili na nusu.

Gari likalia honi kwenye geti.

"Huyo amefika," Kimeu akasema. "Chagua."

"Kimeu, umesikia mama."

"Nimesikia hadithi. Kama kuna mtu, tutamwona sasa hivi. Kama hakuna, nitauza." Akatemea viganja mate, akaiinua sururu tena, na safari hii macho yake hayakuwa kwa mguu wa mtu. Yalikuwa kwenye ufa.

Kamanthe hakufikiri. Nyundo ilikuwa pale pale ubavuni mwake, alipoiacha Kimeu alipomvamia katikati ya mazoezi, na glavu ya ngozi bado iko mkono wa kushoto. Aliuokota mshiko, akapanua miguu, akalivuta tufe kutoka chini.

Hapakuwa na wavu wa kuzuia kama ule wa uwanjani. Palikuwa na sheria moja, ambayo hata mbuzi wa boma lile waliijua: Kamanthe akishika nyundo, kila mwenye roho anakaa mbali.

Tufe lilipita nyuma yake, likapanda, likapita juu ya kichwa, likashuka. Waya ukaanza kuimba. Kimeu aliruka nyuma hatua tatu na sururu yake, akajikwaa, nusura aikalie.

"Utaniua."

"Rudi nyuma, sitakuua."

Alijaribu upande wa kulia, tufe likapita. Alijaribu kushoto, likapita. Ukitaka kujua uzito wa kilo nne, subiri zikupitie mbele ya pua zikiwa na haraka. Kimeu akasimama mbali, ameikumbatia sururu. Kamanthe, kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika boma lile, alijisikia yuko nyumbani kwake.

Furaha yake ilidumu mizunguko miwili.

Nderitu alikuwa ameshuka. Alisimama kando ya mlango wa gari, mkono mmoja juu ya paa, akimtazama mwanamke mwenye damu mguuni akipeperusha tufe la chuma katikati ya lile kaburi lake la jana. Alitazama mawe ya chokaa yaliyopangwa shambani. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekumbuka alikoweka funguo.

"Kumbe ni ukweli," akasema. "Kimeu, nisamehe bwana. Huyu mama anatupa kweli kweli."

Kimeu aliilaza sururu chini, kwa upole kabisa. Hakuwa na kazi nayo tena. Akatabasamu.

Ndipo Kamanthe alipoona alichofanya. Alikuwa amelilinda kaburi kwa kitu kile kile kinachowaambia watu kwamba si kaburi.

Alitaka kusimama. Lakini nyundo si jembe, huwezi kuitua unapotaka. Ikishapata kasi, ama uipunguze pole pole ama uiachilie mahali palipo wazi. Alikuwa anaanza kuipunguza alipomwona Syombua.

Syombua alikuwa anatembea kuja kwenye duara.

Kamanthe alimwambia arudi. Kimeu akamwita, Mwaitu, Mwaitu, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Mwanamke yule alitembea kama anayekwenda kuanua nguo. Macho yake hayakuwa kwa tufe. Yalikuwa kwenye simiti.

Hatua tano. Nne.

Kupunguza hakukuwa na nafasi tena. Mahali palipo wazi palikuwa mbele tu, shambani, na njia ya kufika huko ni moja: kuzunguka na kutoa. Kamanthe akageuza kisigino.

Mzunguko wa kwanza, aliliona gari. Wa pili, aliona Kimeu ameshika kichwa. Wa tatu, aliiona leso ya Syombua, karibu sana, rangi ya ndizi mbivu, na mguu wake umeinuka juu ya ukingo wa duara. Tufe lilipita juu ya kichwa cha mama mkwe, na upepo wake ukainua ncha ya leso. Wa nne hakuona kitu. Mgongo wake ulinyooka wenyewe, mikono ikafunguka yenyewe, na kilo nne zikaondoka.

Chuma kilipaa. Kilivuka jiwe la hamsini kikiwa bado juu. Kilivuka la sitini. Kikachimba udongo kule nyuma, upande wa pili wa jiwe la mwisho, vumbi likapanda, mbuzi wakatawanyika.

Miezi thelathini Kamanthe alikuwa ameusubiri mtupo ule. Ulipokuja, hakuangalia ulikoangukia.

Alikuwa anamtazama Syombua, ambaye alikuwa amesimama ndani ya duara, mzima, hajakwaruzwa, akivua viatu vyake vya tairi. Aliviweka nje ya ukingo, kimoja kando ya kingine. Akaitoa leso mabegani, akaitandika juu ya ufa, akakaa. Alinyoosha miguu mbele jinsi wanawake wanavyokaa nyumba ikiwa na msiba.

"Karibu matanga, mzee," akamwambia Nderitu. "Umechelewa miaka arobaini na mmoja. Lakini usione haya, hata sisi wenyewe hatukuyafanya."

Nderitu akavua kofia, kwa mara ya pili katika shamba lile.

"Mwaitu, amka," Kimeu alisema. "Unatuaibisha."

"Yale mawe matatu yaliyo mlangoni kwangu," Syombua akamwuliza, bila kumtazama, "nilikuchapa kwa sababu gani?"

Kimeu aliikumbuka siku ile. Alikuwa na miaka sita. Alikuwa ameyatoa mawe yale katikati ya shamba ili ajenge zizi la mbuzi wa udongo, na mama yake, ambaye hakuwa mtu wa kiboko, alimchapa siku ile mpaka majirani wakaja. Mawe yakarudishwa. Alipokuwa mtu mzima aliona simiti ikimwagwa, akamwona mama yake akiyabeba moja moja hadi mlangoni kwake, akikataa kusaidiwa. Alidhani ni uzee.

"Ni nani amelala hapa, mama?" Nderitu akauliza.

Syombua alimsimulia yeye, mgeni, kwa sababu labda kwa mgeni ilikuwa rahisi. Alikuwa mtoto wake wa kwanza, kabla ya Kimeu. Aliishi siku tisa. Zamani mdogo kama yule hakuombewa wala hakutengenezewa sanduku. Alizikwa asubuhi, na kufikia mchana mama yake alikuwa ameambiwa anyamaze, atapata mwingine. Mume wake ndiye aliyeweka mawe, ili plau ya ng'ombe ijue kuzunguka.

"Mawe mtu yeyote anatoa," akasema. "Simiti hapana. Huyu alipokuja na akina mama wake kuniuliza amwage wapi, nikamwonyesha hapa." Akamtupia Kamanthe jicho. "Ukizunguka, nakuchukia. Nasikia viatu vyako juu yake, nageuza kiti. Lakini nikisikia viatu, najua leo hakuna mtu wa kulima hapa. Basi nakuchukia, na nanyamaza."

"Alikuwa na jina?" Nderitu aliuliza.

Upepo ulipeperusha vumbi la mwisho kutoka kule chuma kilikoangukia.

"Aliitwa Mutheu."

Kamanthe hakulia. Alitazama viatu vyake, kimoja kimelowa damu. Alirudi nyuma akatoka kwa upande wa nyuma wa duara, kama sheria ya mchezo inavyotaka, akavivua huko nje, akasimama miguu mitupu. Miaka mitatu alikuwa ameliita jina lile kila asubuhi akidhani ni tusi. Mita sitini na tatu alikuwa amezipata. Mahali pa kuzirudia kesho hapakuwepo tena.

"Usisimame hapo kama nguzo," Syombua akamwambia. "Kachukue chuma chako kabla mbuzi hawajakikojolea."

Nderitu alimwomba mama mzee radhi. Alimwambia Kimeu, bila ukali, kwamba yeye katika udongo huu hatatia jembe, na asimpigie simu tena. Akarudi kwenye gari. Kimeu alikuwa bado ameduwaa pale pale, sururu miguuni pake, kama mtu aliyesahau alikuja kufanya nini.

Gari likawaka. Halafu Nderitu akashusha kioo, akamwita Kamanthe.

"Mama, kuja uchukue hii. Jana Kimeu aliniachia ndio niamini. Sasa sina haja nayo. Rudishia mwenyewe."

Ilikuwa karatasi iliyokunjwa mara mbili. Kamanthe aliipokea kwa mkono wenye glavu. Nyuma yake alimsikia Kimeu akisema hapana, akianza kukimbia, lakini alikuwa ameshaikunjua.

Ilikuwa ni ridhaa ya kuuza shamba lote, pamoja na kila kilicho juu yake. Ilikuwa na tarehe ya Jumapili, juzi tu. Chini kulikuwa na sahihi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Kimeu. Ya pili ilianza kwa M yenye mkia mrefu unaopinda kushoto, na Kamanthe aliufahamu mkia huo. Uko kwenye kadi ya kliniki ya Mutheu, pale palipoandikwa baba.

Mfukoni mwake simu ikaanza kulia.

Hakuhitaji kuitoa kujua ni nani. Ilikuwa saa kumi na moja kamili.